Jiminto Katika Miaka 70: Chama Kilichoufuga Upinzani Ndani Yake

Tarehe 15 Novemba 1955, wanasiasa wa kihafidhina wa Japani walijaa katika ukumbi wa chuo kikuu kimoja mtaani Kanda, jijini Tokyo, wakavunja vyama viwili na kuunda kimoja. Chama cha Kiliberali na Chama cha Kidemokrasia cha Japani vilikoma siku hiyo, kikazaliwa Chama cha Kiliberali cha Kidemokrasia, ambacho Wajapani hukiita kwa mkato Jiminto. Kilizaliwa bila kiongozi mmoja. Waasisi walishindwa kuelewana nani akikalie kiti, basi wakateuliwa makaimu wanne wakishike chama kwa pamoja: Hatoyama Ichiro, Ogata Taketora, Miki Bukichi na Ono Banboku. (Majina hapa yanafuata desturi ya Wajapani, la ukoo likitangulia.) Ogata alifariki Januari 1956, Miki akafuata Julai. Katikati ya misiba hiyo miwili, mwezi wa Aprili, Hatoyama alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama.

Novemba 2025 chama hicho kilitimiza miaka 70. Katika muda wote huo kimekaa nje ya serikali mara mbili tu: kwanza kwa chini ya mwaka mmoja, 1993 hadi 1994, kisha kwa miaka mitatu na ushei, 2009 hadi 2012. Na hii ni nchi yenye uchaguzi huru, magazeti yanayosomwa na mamilioni, na upinzani ambao haujawahi kupigwa marufuku tangu vita viishe. Wengi wakitafuta sababu hutaja ukuaji wa uchumi, kura za wakulima, urafiki na Marekani. Yote hayo ni kweli. Lakini kwa kuisoma historia yake tangu mwanzo, naona jambo moja lenye uzito zaidi: Jiminto kilidumu kwa sababu wapinzani wake wakali kabisa walikuwa wanachama wake. Mjapani aliyechoshwa na serikali aliweza kupata serikali nyingine, ya mtu mwingine mwenye sera nyingine, bila kubadili chama. Hiyo ndiyo nguvu ya chama hiki, na humo humo ndimo yalimotoka maradhi yake makubwa.

Ugomvi wenyewe ulianza kabla chama hakijazaliwa. Aprili 1946, nchi ikiwa chini ya jeshi la Marekani na Jenerali Douglas MacArthur, Wajapani walipiga kura ya kwanza baada ya vita. Wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo, na 39 kati yao wakaingia bungeni. Chama cha Kiliberali cha Hatoyama kilipata viti vingi kuliko vingine. Akiwa tayari kuunda serikali, Hatoyama alipokea amri ya wakaliaji: amepigwa marufuku kushika wadhifa wowote kwa sababu ya rekodi yake ya kabla ya vita. Chama akamkabidhi Yoshida Shigeru, mwanadiplomasia aliyewahi kuwa balozi London na ambaye mwaka 1945 aliwekwa kizuizini na polisi wa jeshi kwa kushiriki mipango ya kutafuta amani. Hatoyama na watu wake walielewa kwamba kiti ni cha kushikiwa tu, mwenyewe akirudi atarudishiwa.

Mwenyewe alirudi mwaka 1951, baada ya kupigwa na kiharusi, akamkuta Yoshida amekwisha kuzama kwenye kiti. Septemba mwaka huo Yoshida alitia saini mkataba wa amani San Francisco, na siku hiyo hiyo mkataba wa usalama ulioyaacha majeshi ya Marekani katika ardhi ya Japani. Aprili 1952 nchi ikapata tena mamlaka yake. Mtu aliyefanya hayo hakuona sababu ya kumpisha mwingine. Alikuwa na kiburi pia: Februari 1953, akijibu maswali bungeni, alimtukana mbunge wa upinzani kwa sauti ya chini, sauti ikanaswa na kipaza sauti, na mtafaruku uliofuata ukaishia kwa Bunge kuvunjwa. Hatoyama hakumwangusha mpaka Desemba 1954. Kwa hiyo wahafidhina waliokuja kuungana mwaka uliofuata walikuwa wametoka kwenye vita vya miaka minane, na majeraha bado mabichi.

Kilichowasukuma pamoja ni hofu. Wasoshalisti, ambao walikuwa wamegawanyika pande mbili juu ya mkataba wa amani, waliungana tena Oktoba 1955. Wenye viwanda na mabenki waliona serikali ya kisoshalisti inakuja, wakawabana wahafidhina wamalize tofauti zao. Kazi ya kusuka muungano ilifanywa na watu wawili waliokuwa hawapikiki chungu kimoja. Miki Bukichi wa Wademokrasia, upande wa Hatoyama, alikuwa mgonjwa na alijua siku zake si nyingi. Ono Banboku wa Waliberali alimchukia Miki kwa miaka mingi. Mei 1955 walikutana kwa siri, wakaelewana. Yoshida hakuridhia. Yeye na mwanasiasa aliyemlea, Sato Eisaku, walikataa kuingia katika chama kipya, wakabaki nje mpaka mwaka 1957.

Hiyo ndiyo damu ya Jiminto. Aliyetoka kwa Yoshida aliamini Japani ijenge uchumi kwanza, ulinzi uachiwe Marekani, Katiba ya 1947 iachwe ilivyo pamoja na ibara yake ya 9 inayokataa vita. Aliyetoka kwa Hatoyama aliamini taifa lenye heshima lijiandikie katiba yake na liwe na jeshi lake. Chama kiliandika marekebisho ya Katiba katika malengo yake ya kuasisiwa, lakini wenyewe hawakuwa wamoja, na hawakuwahi kupata theluthi mbili za mabunge yote mawili wakati wana nia moja. Mpaka chama kinatimiza miaka 70, Katiba hiyo haikuwa imebadilishwa hata neno.

Mgawanyiko huu ungeweza kukiua chama. Utaratibu wa uchaguzi ukaugeuza kuwa nguzo. Hadi miaka ya 1990, majimbo mengi ya bunge la chini yalitoa wabunge watatu hadi watano kila moja, na mpiga kura alikuwa na kura moja tu. Chama kilichotaka wingi bungeni kililazimika kusimamisha wagombea wawili, watatu au zaidi katika jimbo moja. Mgombea wa Jiminto basi alishindana zaidi na mwenzake wa Jiminto kuliko alivyoshindana na msoshalisti. Hakuweza kutegemea jina la chama, kwa sababu jirani yake alikuwa nalo pia. Alihitaji jumuiya yake binafsi ya wafuasi jimboni, watu wa kuhudhuria misiba na harusi kwa niaba yake, na alihitaji mkubwa wa Tokyo wa kumpa fedha na kumtafutia cheo. Wakubwa hao ndio waliokuwa viongozi wa makundi ya ndani, ambayo kwa Kijapani huitwa habatsu. Kila kundi lilikuwa na ofisi, mfuko, vikao vya kila wiki na mgombea wake wa urais wa chama. Na kwa kuwa Jiminto kilikuwa na wingi bungeni, rais wa chama ndiye aliyekuwa waziri mkuu.

Nguvu ya makundi ilionekana mapema. Desemba 1956, Hatoyama alipostaafu baada ya kurejesha uhusiano na Umoja wa Kisovieti na kuona Japani ikiingia Umoja wa Mataifa, Kishi Nobusuke aliongoza duru ya kwanza ya kura za chama. Katika duru ya pili makundi mawili yaliyoshindwa yaliungana, na Ishibashi Tanzan akamshinda kwa kura 7. Lakini Ishibashi aliugua, akajiuzulu baada ya siku 65, na Kishi akashika nchi.

Kishi ndiye mtu mgumu kuliko wote katika historia hii, na sioni namna ya kumpitia haraka. Alikuwa waziri katika serikali ya Tojo iliyoingia vitani na Marekani mwaka 1941. Baada ya vita alifungwa miaka mitatu katika gereza la Sugamo kama mtuhumiwa wa uhalifu mkubwa wa kivita, akaachiwa Desemba 1948 bila kufikishwa mahakamani. Chini ya miaka tisa baadaye alikuwa waziri mkuu na kipenzi cha Washington. Serikali ya Marekani imekiri katika nyaraka zake za kihistoria kwamba shirika lake la ujasusi lilipeleka fedha kwa siri kwa wanasiasa wa kihafidhina wa Japani katika miaka hiyo. Wanaoadhimisha miaka 70 hawapaswi kulifumbia macho hilo.

Januari 1960 Kishi alitia saini mkataba mpya wa usalama mjini Washington. Ulikuwa bora kuliko wa Yoshida, kwa kuwa sasa Marekani iliahidi waziwazi kuilinda Japani. Lakini kwa watu waliokuwa wamezika watoto wao miaka kumi na tano tu iliyopita, mkataba wowote wa kijeshi uliosainiwa na waziri wa Tojo ulikuwa kitisho. Usiku wa tarehe 19 Mei, wabunge wa kisoshalisti walikaa chini kuziba njia ya spika. Polisi waliingizwa, wakawabeba mmoja mmoja na kuwatoa nje, na mkataba ukapitishwa baada ya saa sita usiku bila upinzani ukumbini. Hata ndani ya Jiminto wapo waliokataa kushiriki, Ishibashi akiwa mmoja wao. Umati uliolizunguka Bunge ukawa mkubwa zaidi kila siku. Tarehe 15 Juni, Kanba Michiko, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tokyo mwenye umri wa miaka 22, alikufa katika mapambano na polisi langoni mwa Bunge. Ziara ya Rais Eisenhower ikafutwa. Mkataba ukahesabiwa umeidhinishwa na Bunge tarehe 19 Juni kwa nguvu ya sheria, na siku nne baadaye Kishi akatangaza kujiuzulu.

Katika nchi nyingine pengine chama hicho kingeangukia hapo. Jiminto kilikwenda kwenye kambi ya pili, ya wanafunzi wa Yoshida, kikamtoa Ikeda Hayato, mtaalamu wa fedha aliyeamua kunyamaza juu ya Katiba na kuzungumzia mishahara. Aliahidi kuongeza pato la taifa maradufu ndani ya miaka 10. Mwezi wa Oktoba, mwenyekiti wa Wasoshalisti Asanuma Inejiro aliuawa kwa upanga jukwaani, mbele ya kamera za televisheni, na kijana wa miaka 17 wa mrengo wa kulia. Katika uchaguzi wa Novemba, miezi mitano tu baada ya kifo cha Kanba, Jiminto kilipata viti 296 kati ya 467. Ahadi ya Ikeda ilitimia kabla ya muda wake. Oktoba 1964 treni ya mwendokasi ilianza kusafiri kati ya Tokyo na Osaka na michezo ya Olimpiki ikafunguliwa, naye Ikeda, akiwa na saratani ya koo, akaachia madaraka baada ya michezo kwisha.

Sato Eisaku, ndugu wa damu wa Kishi lakini mlelewa wa Yoshida, alitawala karibu miaka minane, akaacha msimamo wa nchi kutomiliki, kutotengeneza wala kuruhusu silaha za nyuklia, na akarejeshewa Okinawa tarehe 15 Mei 1972. Halafu akaja mtu wa aina nyingine kabisa.

Tanaka Kakuei hakuwa mtoto wa mkubwa wala mhitimu wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Alizaliwa mwaka 1918 kijijini huko Niigata, upande wa Bahari ya Japani, ambako theluji hufunga barabara miezi mizima. Shule yake ilikuwa ya msingi, kisha akawa mkandarasi wa ujenzi. Julai 1972 alimshinda Fukuda Takeo katika uchaguzi wa urais wa chama kwa kura 282 dhidi ya 190, na watu wa kawaida wakafurahi kumwona mwenzao amepanda. Kabla ya Septemba kwisha alikuwa Beijing, amerejesha uhusiano na China. Kwa watu wa Niigata alileta mahandaki ya barabara, madaraja, na baadaye treni ya mwendokasi yenyewe. Kwa wabunge alileta fedha. Hakuna aliyejua kama yeye hesabu za majimbo yale ya wabunge watatu hadi watano, na kundi lake likawa kubwa kuliko yote. Mwishoni mwa 1974 jarida la Bungei Shunju lilichapisha uchunguzi wa mali zake, akajiuzulu. Julai 1976 alikamatwa kwa tuhuma za kupokea yeni milioni 500 katika kashfa ya ndege za Lockheed. Oktoba 1983 mahakama ilimhukumu miaka minne gerezani, akakata rufaa. Desemba mwaka huo huo, wapiga kura wa jimbo lake walimrudisha bungeni kwa zaidi ya kura 220,000. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na watu wa Niigata waliokumbuka wagonjwa wao wakifa njiani kwa theluji hawakuwa wajinga. Walijua serikali za kabla yake hazikuwahi kuwaona.

Lakini gharama ya kuufuga upinzani ndani ya nyumba ilikuwa hiyo: kila kundi lilihitaji fedha, na fedha zilitoka kwa waliohitaji upendeleo. Baada ya Tanaka kuondoka, wazee wa chama walimchagua Miki Takeo, aliyesifika kwa usafi, na yeye hakuzuia sheria kumfikia mtangulizi wake. Wenzake hawakumsamehe. Mwaka 1979 ugomvi ulifikia mahali pa aibu, pale Jiminto kilipopeleka bungeni wagombea wawili wa uwaziri mkuu, Ohira Masayoshi na Fukuda, na Ohira akapita kwa kura 138 dhidi ya 121. Mei iliyofuata watu wa Fukuda na Miki hawakuingia ukumbini wakati wa kura ya kutokuwa na imani, ikapita. Ohira alivunja Bunge, akalazwa katikati ya kampeni, akafa tarehe 12 Juni 1980. Siku kumi baadaye chama kile kile kilichomchosha mpaka kufa kikashinda kwa kishindo.

Miaka ya Nakasone Yasuhiro ilikuwa ya fahari, na Takeshita Noboru akafuata na kodi ya matumizi ya asilimia 3 pamoja na kashfa ya hisa za kampuni ya Recruit. Mwaka 1989 Wasoshalisti wakiongozwa na Doi Takako, mwanamke wa kwanza kuongoza chama kikubwa nchini humo, walikishinda Jiminto katika uchaguzi wa bunge la juu. Kisha Machi 1993 alikamatwa Kanemaru Shin, mfalme asiye na taji wa kundi lililotokana na la Tanaka, na wapelelezi wakakuta vipande vya dhahabu miongoni mwa mali zake. Miezi mitatu baadaye Ozawa Ichiro na wenzake walipiga kura ya kuiangusha serikali ya chama chao wenyewe, wakahama. Agosti, Hosokawa Morihiro aliapishwa akiongoza mseto wa vyama na makundi manane. Tazama vizuri: Jiminto hakikuangushwa na Wasoshalisti, adui kilichoundwa kupambana naye. Kiliangushwa na watoto wake.

Kurudi kwake kulinishangaza niliposoma mara ya kwanza na bado kunanishangaza. Juni 1994 Jiminto kilimuunga mkono Murayama Tomiichi, mwenyekiti wa Wasoshalisti, awe waziri mkuu, ili chenyewe kiingie serikalini kupitia mlango wake. Murayama, mtu mnyoofu, alitumia nafasi hiyo kuomba radhi kwa niaba ya nchi tarehe 15 Agosti 1995 kwa madhila yaliyosababishwa na utawala wa kikoloni na uvamizi wa Japani huko Asia. Chama chake kililipa. Kilikubali jeshi na mkataba wa usalama kilioupinga kwa miaka 40, na katika uchaguzi wa 1996 kikabaki na viti 15.

Utaratibu mpya wa uchaguzi, wenye majimbo ya mbunge mmoja, ulikusudiwa kuua makundi. Uliyadhoofisha, ukampa nguvu rais wa chama. Koizumi Junichiro alilielewa hilo kuliko wote. Mwaka 2005, bunge la juu lilipokataa muswada wake wa kubinafsisha posta, alivunja bunge la chini, akawanyima tiketi wabunge wa chama chake waliompinga, akawapelekea wapinzani wapya majimboni, na kuvuna viti 296 kati ya 480. Miaka minne baadaye chama kilibaki na 119. Aliyeongoza Jiminto kwenye kipigo hicho cha Agosti 2009 alikuwa Aso Taro, mjukuu wa Yoshida Shigeru. Aliyeshinda, akiongoza chama kingine kiitwacho cha Kidemokrasia, alikuwa Hatoyama Yukio, mjukuu wa Hatoyama Ichiro.

Mjukuu wa tatu alikuwa Abe Shinzo, aliyezaliwa na binti wa Kishi. Alirudisha chama madarakani Desemba 2012 na akawa waziri mkuu aliyetawala muda mrefu kuliko wote. Kabla yake, waziri mkuu mwingine wa Jiminto, Mori Yoshiro, alikuwa amefika Kenya Januari 2001, katika ziara ya kwanza ya waziri mkuu wa Japani aliye madarakani kusini mwa Sahara. Abe naye alifika Nairobi Agosti 2016 kwa mkutano wa TICAD kuhusu maendeleo ya Afrika, wa kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, na akiwa katika jumba la KICC alitangaza sera yake ya bahari huru za Hindi na Pasifiki. Mataifa mengi yameichukua sera hiyo tangu hapo, na ilitamkwa kwanza hapa kwetu. Nyumbani kwake, Abe alitafsiri upya ibara ya 9 ili jeshi liweze kuwasaidia washirika, lakini kuiandika upya hakuweza. Tarehe 8 Julai 2022 aliuawa kwa risasi akihutubia mkutano wa kampeni mjini Nara.

Kifo chake kiliacha kundi kubwa bila kichwa. Mwishoni mwa 2023 ikafichuka kwamba kundi hilo na mengine yalikuwa yakiwarudishia wabunge fedha za tiketi za hafla bila kuziandika vitabuni. Waziri mkuu Kishida Fumio alivunja kundi lake mwenyewe, lile lililoasisiwa na Ikeda mwaka 1957, na mengine karibu yote yakafuata. Wapiga kura hawakutosheka. Oktoba 2024, chini ya Ishiba Shigeru, Jiminto na mshirika wake Komeito walipoteza wingi katika bunge la chini, na Julai 2025 wakaupoteza katika bunge la juu.

Tarehe 4 Oktoba 2025 chama kilimchagua Takaichi Sanae, mwanamke wa kwanza kukiongoza, mtoto wa familia isiyo ya kisiasa kutoka Nara, katika jaribio lake la tatu. Ni mhafidhina wa dhati, wa mstari wa Abe, na siku sita baadaye Komeito, kilichokuwa mshirika tangu 1999, kikajitoa kwa sababu ya suala la fedha za siasa. Takaichi aligeukia Chama cha Ubunifu cha Japani kutoka Osaka, kiitwacho Ishin, ambacho kilikubali kumpigia kura lakini kikakataa viti vya uwaziri, kikidai idadi ya wabunge ipunguzwe kwa sehemu moja ya kumi. Tarehe 21 Oktoba alipata kura 237 na kuwa waziri mkuu. Chama kikaingia katika mwaka wake wa 71 bila wingi wake chenyewe, bila sehemu kubwa ya makundi yaliyokitia adabu na kukichafua kwa wakati mmoja, na bila kura za wafuasi wa Komeito ambazo zilikuwa zimewavusha wagombea wake majimboni kwa robo karne.